Geti ni lile lile, lakini mtoto si yule: Gredi ya Saba na wazazi wa Mombasa

UmmuKisauni (mwanzisha uzi)

Assalaam aleikum wazazi wenzangu na walimu mlioko humu, na wasio Waislamu nawasalimu kwa heshima zote.

Binti yangu ameingia Gredi ya Saba Januari hii, katika shule ile ile ya serikali aliyosomea tangu Gredi ya Kwanza. Hatukuhama mtaa, marafiki zake ni wale wale, na njia ya kwendea shule ni ile ile ya miguu anayoweza kuipita akiwa amefumba macho. Kilichobadilika ni sare tu. Ndugu zake wakubwa walipoingia Kidato cha Kwanza nyumba nzima ilishughulika, mpaka bibi yao alitoka Kwale kuja kuwaaga. Huyu aliingia kimya kimya, kwa sababu hakuna aliyeona kuwa ameondoka mahali.

Sasa mtoto aliyekuwa akifika nyumbani na kusimulia mpaka wadogo zake wakamchoka, siku hizi anafika, anautupa mkoba chini na kulala mpaka magharibi. Madrasa anaenda kwa kusukumwa. Daftari yake ya Hisabati ina kurasa mbili zilizoandikwa tangu shule zifunguliwe, na ya Sayansi ina michoro isiyo na maelezo. Nilipomuuliza ni nani anayemfundisha Sayansi, akanijibu, "Yule mrefu." Jina halijui, na hakuona kuwa ni ajabu kutolijua.

Naomba wenye uzoefu wanisaidie kutambua kama haya ni mambo ya umri tu, ambayo yatapita yenyewe, ama kuna jambo la shule ambalo mimi kama mzazi nafaa kulishika mapema.

MwalimuWaMvita

Waaleikum salaam, Bi Ummu. Mimi nafundisha sekondari msingi, yaani Gredi ya Saba hadi ya Tisa, hapa kisiwani, na hilo la "yule mrefu" ndilo lililonifanya nikae niandike, kwa sababu limesema habari nzima.

Katika mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka wa 1985 na ambao mtihani wake wa mwisho wa KCPE, ule wa kumaliza shule ya msingi, ulifanywa mwaka wa 2023, kuvuka kutoka msingi kwenda sekondari kulikuwa jambo la kuonekana. Barua ya kuitwa shule ilikuja, sanduku la chuma likanunuliwa, na kila jamaa akawa na nasaha yake ya kutoa. Mtoto alikuwa na miaka kumi na minne hivi, na alijua vyema kwamba anakokwenda ni ugenini. Katika mpango mpya wa 2-6-3-3-3, yaani miaka miwili ya chekechea, sita ya msingi, mitatu ya sekondari msingi, mitatu ya sekondari ya juu na mitatu ya chuo, madarasa ya Gredi ya Saba yalifunguliwa mwanzoni mwa mwaka wa 2023 ndani ya shule za msingi zenyewe. Hivyo mvuko wenyewe umerudi nyuma, mtoto anauvuka akiwa na miaka kumi na miwili hivi, na dalili zake zote za nje zimeondolewa. Serikali ilikuwa na sababu za kufanya hivyo, mojawapo ikiwa kwamba watoto wa umri huo wasipelekwe mbali na nyumbani, na kwa maoni yangu sababu hiyo ni nzuri. Ila imetuachia mvuko usioonekana, na jambo lisiloonekana halitayarishiwi.

Ndani ya geti hilo hilo, binti yako amebadilishiwa karibu kila kitu. Mwaka jana alikuwa na walimu wachache waliomjua tangu aking'oka meno, wanaojua mama yake ni nani na anaishi nyumba ipi. Mwaka huu ana masomo tisa: Kiingereza, Kiswahili, Hisabati, Elimu ya Dini, Masomo ya Jamii, Sayansi Jumuishi, masomo ya awali ya ufundi, Kilimo na Lishe, na Sanaa Bunifu na Michezo. (Na tushukuru ni tisa, kwa kuwa wale wa kwanza walianza na masomo zaidi ya kumi, mpaka yalipopunguzwa kufuatia ripoti ya jopo la Rais la mageuzi ya elimu ya mwaka wa 2023.) Kipindi kimetoka dakika 35 kikawa 40. Walimu wanaingia na kutoka, wengi wao ni wageni katika shule hiyo, na kwa uhaba uliopo wako wanaofundisha masomo ambayo hawakuyasomea chuoni. Mimi mwenyewe naingia mikondo mingi kwa wiki, na nakiri kwamba majina ninayoyajua kwanza ni ya wale wanaonyanyua mikono na wale wanaopiga kelele. Mtoto mtulivu aliye katikati hulijua jina langu baada ya muda, na mimi lake baada ya muda mrefu zaidi.

Hapo ndipo penye hatari, Bi Ummu. Katika Gredi ya Sita mtoto akianza kudidimia, mwalimu wake wa darasa humwona siku hiyo hiyo, kwa sababu yuko naye karibu kutwa nzima. Katika Gredi ya Saba mwalimu wa Hisabati ataona daftari tupu, wa Kilimo ataona kazi haikuletwa, wa Kiswahili ataona mtoto amekuwa mzito wa kusoma kwa sauti, na kila mmoja atadhani ni katika somo lake peke yake. Hakuna aliyeshika picha nzima. Kwa hivyo ninachowaambia wazazi ni kwamba mtoto anayeingia sekondari anahitaji awe na mtu mzima mmoja shuleni anayemjua kwa jina na anayeweza kuulizia habari zake kwa wenzake. Nasaha ndefu za "sasa wewe ni mkubwa, jikaze" hazichukui nafasi ya mtu huyo.

Nenda ukaonane na mwalimu wa darasa, wala usingoje siku ya mkutano wa wazazi, kwani siku hiyo kuna foleni na kila mtu ana haraka. Nenda siku ya kawaida jioni masomo yakiisha, pamoja na binti mwenyewe. Usianze na malalamiko. Omba ratiba ya vipindi, na mbele ya kila somo binti aandike jina la mwalimu kwa mkono wake. Kisha mwambie mwalimu jambo moja au mawili ambayo mzazi peke yake anayajua: kwamba mtoto huyu akishindwa hunyamaza, au kwamba huogopa kuitwa ubaoni. Mwalimu akishaambiwa hayo, hatamsahau.

AbuLikoni

Nashukuru kwa maelezo, Mwalimu. Wangu ni kisa cha pili, kwa kuwa tulimhamisha. Alimaliza Gredi ya Sita Likoni, kisha tukampeleka Gredi ya Saba kisiwani karibu na ninapofanya kazi. Yeye, basi, aliyapata yote kwa pamoja: walimu wapya, wenzake wapya, na kivuko cha Likoni cha kuvukia kwenda kisiwani.

Wanaoishi ng'ambo hii wanakijua kivuko saa kumi na mbili unusu asubuhi. Anayekwenda kwa miguu halipi kitu, lakini anabanwa. Mtoto mfupi hubebwa na umati bila ya kutaka, na geti likifunguliwa watu hushuka kwa kasi, na usipojua kushika pembeni utajikuta umevuliwa kiatu. Masomo hayakunishughulisha kwa wakati huo, bali mtoto kufika darasani akiwa na utulivu, kwa sababu anayefika huku moyo unamwenda mbio hasikii kipindi cha kwanza.

Tulichofanya ni hiki. Katika likizo ya Desemba tulikuwa tukivuka pamoja asubuhi ileile ya wafanyakazi, lakini yeye ndiye anayetangulia na mimi nikimfuata hatua chache nyuma bila kusema neno. Akikosea matatu ya kupanda, namwacha akosee, mpaka atambue mwenyewe. Tuliafikiana mahali pa kusimama iwapo kivuko kimechelewa, duka ambalo mwenye duka anamjua mtoto, na mtoto anaweza kupiga simu kutoka hapo, na kwamba nauli inakaa mfuko wa shati wenye kifungo ilhali pesa ya chakula inakaa mkobani. Msilione hili la mifuko kuwa dogo. Mtoto akila nauli yake mchana kwa sababu wenzake wapya wamenunua viazi karai, jioni hatasema kwamba ameila. Atatembea kwa miguu mpaka kivukoni, na atafika nyumbani usiku akiwa na hadithi nyingine.

Nina swali kwa Mwalimu. Shule imemtaka awe darasani saa kumi na mbili na dakika arubaini asubuhi kwa masomo ya ziada. Ni lazima?

MzeeWaJomvu

Nimesoma yote haya nikistaajabu. Sisi tuliingia Kidato cha Kwanza tukaitwa mono, yaani wageni, tukafulizwa kazi na wakubwa, tukachapwa bakora na walimu, wala hakuna mzazi aliyekuja shuleni kuuliza jina la mwalimu wa Sayansi. Tukazoea, tukamaliza, na leo tuna watoto na wajukuu. Watoto wa siku hizi mnawadekeza, kisha mnashangaa kwamba hawasimami wenyewe.

MwalimuWaMvita

Shikamoo, Mzee wangu. Sikukatalii kwamba mtoto anafaa ajifunze kusimama, na aliyoyafanya Abu pale kivukoni, ya kumwacha mtoto atangulie na akosee, ni funzo la kusimama kuliko bakora yoyote. Lakini tukihesabu waliozoea, tuwahesabu pia walioacha. Kila mmoja wetu wa umri ule anamkumbuka mwanafunzi mwenye akili aliyerudi nyumbani muhula wa kwanza na asirudi tena shuleni, na huyo hayuko humu kutueleza kwamba alizoea. Na kwa upande wa sheria, viboko vilipigwa marufuku shuleni tangu mwaka wa 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikaharamisha adhabu ya kumwumiza mtoto mwili au akili, ambayo ndani yake yanaingia hayo ya kuwatesa wageni.

Abu, kuhusu saa: kanuni za elimu ya msingi za mwaka wa 2015 zinaweka masomo ya darasani kwa shule za kutwa kati ya saa mbili asubuhi na saa tisa unusu alasiri. Mtoto anaweza kufika mapema akasoma mwenyewe, lakini mafundisho ya alfajiri hayamo. Zungumza na wazazi wenzako wa ng'ambo mkaandike barua moja kwa mwalimu mkuu, kwa sababu mzazi mmoja akienda peke yake huonekana mkorofi.

MuuguziTudor

Nisamehewe kuingilia, lakini kuna mambo matatu katika maelezo ya Ummu ambayo sisi wa upande wa afya hatuwezi kuyapita.

La kwanza ni usingizi. Mtoto akibaleghe, saa yake ya ndani ya mwili husogea mbele, hata usingizi humjia akiwa amechelewa kuliko alivyokuwa mwaka mmoja nyuma, ilhali bado anahitaji saa nane hadi kumi za kulala. Ongeza joto la kaskazi la miezi hii, nyumba ya mabati au ya chumba kimoja isiyopitisha upepo, na simu mkononi baada ya isha. Basi mtoto huyo anaamka na deni kila asubuhi na analilipa alasiri. Badala ya kumzuia asilale kabisa, mpe muda mfupi mara tu afikapo na kuoga, kisha aamshwe, ili usiku usingizi umjie kwa wakati.

La pili, kulala kupita kiasi kila siku kusichukuliwe kuwa ni uvivu mpaka apimwe. Upungufu wa damu ni wa kawaida kwa wasichana wanaoanza kupata hedhi, na malaria bado ipo Pwani. Kipimo cha damu katika kituo cha afya ni jambo la asubuhi moja. Na kwa kuwa ni msichana, aulizwe kwa faragha kama tayari ameanza hedhi na kama anapata sodo shuleni, kwani Sheria ya Elimu ya Msingi kama ilivyorekebishwa mwaka wa 2017 inaitaka serikali iwape wasichana wa shule za umma bila malipo. Wengine hukaa darasani kipindi kizima bila kunyanyuka kwa sababu mwalimu ni mgeni, tena mwanamume, na hawajui watamwombaje ruhusa ya kutoka. Zamani Mswahili alikuwa na somo, yaani kungwi, wa kumfunza binti mambo haya. Kama ukoo wenu bado una mtu wa namna hiyo, shangazi au rafiki wa mama mwenye stara, huu ndio wakati wake.

La mwisho, na ndilo lililonishtua zaidi: daftari ya Hisabati yenye kurasa mbili, na michoro ya Sayansi isiyo na maelezo. Je, anakaa wapi darasani? Anauona ubao?

UmmuKisauni

Mwenyezi Mungu awalipe nyote. Nimekawia kujibu kwa sababu nilitaka kwenda kwanza.

Nilikwenda na binti jioni, masomo yalipoisha. Mwalimu wa darasa ni kijana mpole, ila alikiri mwenyewe kwamba alikuwa akimchanganya binti yangu na msichana mwingine mwenye jina kama lake. Mwaka jana alikuwa safu ya pili. Mwaka huu mikondo miwili imeunganishwa katika chumba kimoja, na kwa urefu wake amepelekwa nyuma kabisa karibu na dirisha. Nilimwomba mwalimu aandike ubaoni, nami nikasimama pale anapokaa. Binti alisoma mstari wa juu vizuri. Mstari wa pili alianza kubahatisha. Ile michoro alikuwa akiinakili kwa jirani yake, na maelezo hakuyawahi kwa kuwa jirani huandika haraka na kufunga.

Papo hapo mwalimu amemsogeza mbele. Majina ya walimu tisa ameyaandika, na "yule mrefu" sasa ana jina. Kipimo cha damu tumefanya na kimeonyesha upungufu kidogo, amepewa dawa. Macho bado hatujapima.

Kilichobaki kunitatiza ni madrasa. Anatoka shule saa kumi, madrasa inaanza saa kumi unusu mpaka magharibi, halafu kazi ya nyumbani ya masomo manne au matano. Sitaki aache madrasa, wala sitaki aichukie.

DadaChangamwe

Nami niongeze la wanaotangulia, ili mwenye mtoto wa Gredi ya Saba ajue kinachomngoja. Kijana wangu ni wa lile kundi la kwanza lililoingia Gredi ya Kumi Januari 2026, baada ya mtihani wa KJSEA wa mwisho wa Gredi ya Tisa, ambao una asilimia 60 ya alama za kupangiwa shule, huku tathmini za shuleni zikichukua 20 na ule mtihani wa Gredi ya Sita 20. Yeye alitoka sekondari msingi ya hapa Changamwe akaenda bweni bara.

Kuna jambo moja ambalo sisi wazazi hatukulifikiria. Kwa sababu kundi la mwisho la 8-4-4 liliingia Kidato cha Kwanza mwaka wa 2024, na mwaka wa 2025 hakuna aliyeingia, mwaka huu wa 2026 shule hizo zina Gredi ya Kumi, Kidato cha Tatu na cha Nne, na katikati pametupu. Hakuna kaka aliyewatangulia mwaka mmoja katika mtaala huu ambaye wangemwuliza mwalimu fulani hutaka nini, au mkondo huu wa masomo una ugumu gani. Wakubwa waliopo wanasoma mambo mengine na wanawaona hawa kama wageni wa serikali. Kijana wangu alinipigia simu ya shule akiniuliza maswali ambayo mimi sina majibu yake.

Kilichomsaidia ni vitu vidogo alivyovizoea nyumbani kwa muda mrefu: kufua sare yake mwenyewe, kuamka bila kuitwa, kupanga pesa kidogo ikamfikisha mwisho wa mwezi. Wenzake ambao walifuliwa mpaka siku ya kuondoka walihangaika na ndoo wakati yeye yuko maktaba. Kwa hiyo Ummu, una miaka miwili na ushei ya kumzoeza huyo binti. Anza na soksi.

MwalimuWaMvita

Dada wa Changamwe amesema kweli kuhusu lile pengo la katikati. Kwa walio na watoto Gredi ya Kumi, mwalimu wa ushauri nasaha wa shule ndiye wa kupigiwa simu, maana mara nyingi ndiye aliyeachiwa kazi ya kuwapokea.

Bi Ummu, kuhusu madrasa, ustadhi na mwalimu wa darasa hawajuani, na kila mmoja anampangia mtoto kana kwamba yeye peke yake ndiye mwenye alasiri. Waone wote wawili. Maustadhi wengi ninaowajua hapa mjini hukubali mwanafunzi wa sekondari apunguziwe siku za wiki na kuongezewa Jumamosi na Jumapili asubuhi, mradi mzazi mwenyewe aje aseme, wala si mtoto kutoroka. Na hiyo kazi ya masomo matano kwa usiku mmoja hutokea kwa sababu sisi walimu hatuambiani. Weka daftari ndogo, binti aandike kila siku kazi aliyopewa na mwalimu aliyeitoa, na baada ya wiki mbili mpe mwalimu wa darasa. Sisi tukioneshwa kwa maandishi kwamba Jumanne peke yake watoto wamepewa kazi tano, tutaona haya na kupanga upya. Tukilalamikiwa kwa mdomo, kila mmoja atasema yake ilikuwa fupi.

La macho lisingoje likizo ya Aprili. Kliniki ya macho ina foleni, na akihitaji miwani itachukua siku nyingine kutengenezwa, na huku masomo yanaendelea.